Kadi Tuliyoitesa Nyakanazi

Kadi ile tuliitesa kwa siku kumi na moja. Sina neno jingine. Tuliing'oa feni zake, tukaikwangua kifua kwa wembe, tukaibana kipande cha shaba kwa skrubu mpaka ubao wake ukapinda, kisha tukaiongezea umeme na kuilazimisha kukimbia kuliko walivyoiruhusu walioitengeneza. Ilipozima tuliiwasha. Ilipozima tena tuliitukana, tukaiwasha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, digrii moja, na imani moja tu iliyobaki baada ya chuo kikuu kunimalizia zile nyingine: kwamba kitu chochote ukikiuliza vya kutosha kitajibu.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka. Mabasi ya kuwapeleka kambini yalipita Nyakanazi karibu kila siku, magodoro na masufuria yamefungwa juu, yakasimama kidogo njia panda na kushika barabara ya kusini. Sisi tuliwatazama kama tunavyotazama malori. Nyakanazi ni mji wa watu wanaopita, na anayekaa hapo anajifunza kutouliza mpitaji anakwenda wapi. Mimi niliuliza. Ndiyo kasoro yangu.

Kwetu ni Ntobeye, wilaya ya Ngara, kwenye familia ya migomba, kahawa na misa ya kila Jumapili. Nilikuja Nyakanazi kuhariri video za harusi katika banda la bati nyuma ya duka la mzee mmoja Mwislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani. Yeye mwenyewe alizaliwa Biharamulo, lakini akikasirika Kiswahili chake kilirudi Pangani. Alinipa banda, kompyuta na ufunguo, akaniambia jambo moja tu: nisimletee fujo.

Mrundi mmoja aliingia bandani asubuhi moja akiwa na begi la shule mgongoni. Alisema amesikia pana kompyuta. Alikuwa amesomea mambo hayo Bujumbura hadi mwaka wa tatu, siku risasi zilipoingia hosteli. Alifungua begi akatoa shati, diski, na kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge. Nilidhani ni bastola, kwa uzito aliokishika nao. Ilikuwa kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo. Kompyuta yangu ilikuwa na kadi ya kawaida, ya harusi. Hii ilikuwa kubwa kama tofali.

"Umekimbia risasi ukabeba hiki?"

"Ningebeba nini? Godoro?"

Kisha alinieleza shida yake, na naiandika hapa wazi kwa sababu mengine yote yalitoka humo. Shirika moja kambini lilitaka filamu fupi ya katuni kwa Kirundi, ya kuwafundisha watu kunawa mikono, kwa kuwa kuhara kulikuwa kumeanza kuua watoto. Ambaye filamu yake ingekubaliwa angepewa kazi, na shirika lingemwombea kibali cha kuishi nje ya kambi. Bila kibali, mkimbizi aliyekutwa nje alikuwa mhalifu kwa kusimama tu. Yeye alikaa kambini wiki mbili akatoroka. "Kule," alisema, "mtu anasubiri mpaka anasahau alikuwa anasubiri nini."

Filamu alikuwa ameshaitengeneza: mama, mtoto, ndoo, matone ya maji. Vyote vilikuwa kwenye diski. Kilichobaki ni kompyuta kuichora, fremu moja baada ya nyingine, fremu elfu mbili mia nane na themanini, na kuzipeleka ofisini kabla haijafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Zilibaki siku kumi na moja.

Nilimwambia mzee kuwa huyu ni binamu yangu kutoka Ntobeye. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana bila mkalimani, kwa hiyo uongo huo haukuwa mzito kuubeba. Mzee alimtazama viatu, akatazama begi.

"Binamu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Binamu asiwashe sigara humu."

Siku ya kwanza tulipima. Jua la saa saba juu ya bati liligeuza banda kuwa tanuri. Kadi ilifika digrii tisini na moja, kisha ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isife. Fremu moja ilichukua dakika saba. Tulipiga hesabu ukutani kwa mkaa: siku kumi na nne.

"Inajihurumia," alisema.

"Nani kasema tisini na moja ndiyo mwisho?"

"Kiwanda."

"Hicho kiwanda kimewahi kufika Nyakanazi?"

Alicheka. "Profesa, wewe hata ukiambiwa moto unaunguza utataka ushahidi."

"Nipe."

Alinishika mkono, akakigandamiza kidole changu kwenye mapezi ya alumini yanayotoa joto la kadi, akahesabu mpaka mbili. Nilipokivuta, ngozi kidogo ilibaki pale, ikanuka. Nilimpiga ngumi ya bega. Akanirudishia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Shida ilikuwa joto. Kadi ikipoa, haina sababu ya kujipunguzia kasi. Ikipoa zaidi, unaweza kuipandisha kasi juu ya ile ya kiwandani na kuiongezea volti kidogo kidogo ili isianguke. Tulihitaji kufika dakika nne kwa fremu. Feni zake ndogo zisingeweza. Tulihitaji maji.

Nyakanazi haina duka la vitu hivyo, lakini ina makaburi ya magari. Pampu tulitoa kwenye lori, ile inayorusha maji kwenye kioo cha mbele. Shaba tulikata kwenye friji iliyokufa ya gesti moja. Tuliipiga nyundo mchana kutwa juu ya kipande cha reli mpaka ikalala bapa kama chapati, na kila nyundo ilipokosa ilichukua kucha ya mmoja wetu. Mipira ya kupitishia maji kati ya pampu na shaba hiyo ilikuwa ya dripu za hospitali. Feni tuliifungua kwenye rejeta ya gari dogo lililoingia chini ya lori la magogo mwezi uliotangulia. Kati ya mapanga yake palikuwa na vioo na kitu kikavu, cheusi. Mrundi alikiosha. Feni ile ilipowashwa bandani haikuwezekana kuongea. Tulipiga kelele sikioni, au tulitumia mikono.

Kilichobaki kilikuwa chombo cha kupozea maji yenyewe, na hilo lilikuwa wazo langu. Chungu cha udongo ambacho hakijapakwa rangi hutoka jasho, na jasho likikauka maji ya ndani yanapoa. Nilikwenda Ntobeye na kurudi siku moja. Mama alikuwa akipura maharage uani kwa fimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta njaa au maneno?"

"Nataka chungu. Kile kikubwa."

"Kile ni cha pombe. Kimekunywa pombe ya ndizi kuliko baba yako. Chukua cha maji."

"Cha maji ni kinene, hakitoki jasho. Mama, udongo ni udongo."

Aliipiga fimbo chini mara mbili tatu, maganda yakaruka. "Chukua. Si wewe uliyesoma?"

Kilifanya kazi vizuri mno. Tulikifunga gunia lililoloa, feni ikakipuliza, na kadi ikashuka hadi digrii sitini na mbili huku ikichora. Mrundi alianza kuipandisha kasi. Kazi hiyo ina ukatili wake. Unaongeza kasi hatua moja, unaitazama picha. Kadi iliyozidiwa haifi mara moja. Kwanza inaanza kudanganya. Kwenye shavu la mtoto wa katuni hutokea nukta ya zambarau ambayo hukuichora. Hapo unajua umefika mwisho wake. Kisha unaongeza volti, nukta inatoweka, na unapandisha tena, mpaka idanganye tena. "Inasema haiwezi," nilimpigia kelele sikioni. "Inasema haitaki," alinijibu. Tulifika dakika nne.

Siku ya tano banda lilinuka. Nilidhani ni mipira inayoungua. Kisha povu la kijivu lilichungulia kwenye mdomo wa chungu, likapanda, likamwagikia gunia. Maji ya vuguvugu yalikuwa yameamsha chachu ya miaka mingi iliyolala ndani ya udongo. Chungu kilikuwa kikipika pombe. Utelezi uliziba pampu, kadi ikaruka hadi tisini na saba ikazima, tukazima feni, na katika ukimya ule mzee akaingia.

"Astaghfirullah! Mnapika gongo ndani ya nyumba yangu?"

"Mzee, ni ya kompyuta."

"Kompyuta inakunywa?" Aliinama akanusa, akatema mate nje ya mlango. "Toeni huo uchafu kabla ya adhuhuri. Na huyu binamu, kila siku yuko kwenye hicho kioo, haendi hata kusali kanisani na wenzake. Binamu gani huyu?"

Mrundi alikibeba chungu cha mama yangu mpaka jalalani akakipasua kwa teke. Tulinunua chungu kipya cha maji, chembamba, kwa mama mmoja mfinyanzi wa Kaniha aliyeuza pembeni ya soko. Lakini tulikuwa tumepoteza karibu siku nzima, na sasa dakika nne hazikutosha. Aliipandisha hadi tatu na nusu. Kila fremu ya ishirini hivi ilitoka na nukta, ikabidi irudiwe. Chungu kipya kilikuwa kidogo, kikihitaji kumwagiwa maji nje kila baada ya muda mfupi. Tukawa watumwa wa chungu kwa zamu.

Sasa lazima nieleze habari ya filimbi.

Wasukuma waliohamia upande wetu walikuja na sungusungu, ulinzi wa wananchi wenyewe, na sungusungu wana sheria moja isiyoandikwa popote. Filimbi ikilia, au yowe likipigwa, kila mwanamume mzima anatoka na alichonacho mkononi, anakimbilia inakolia. Wakifika wanahesabiana. Asiyekuwepo atafuatwa, kwa maana mtu asiyekuja kumsaka mwizi huenda ndiye mwizi, au ndugu yake. Kamanda wao pale mjini alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mtu mrefu, mpole mchana. Nilikuwa nimemhariria video ya harusi ya binti yake, na alilia alipoitazama. Katika mkutano mmoja nilisimama mbele ya watu wote nikamuuliza sheria hiyo imepitishwa na nani.

"Imepitishwa na miguu yako," alinijibu. "Ikitoka, umeikubali. Isipotoka, tutakuja kuijadili kwako."

Watu walicheka sana. Mimi nilikaa chini nikiwa nimeapa moyoni kwamba sitaitwa kwa filimbi kama mbwa.

Alhamisi alasiri zilibaki fremu mia moja na nne. Saa sita hivi za kazi. Ingeisha usiku, na Ijumaa asubuhi tungepanda basi la kwanza. Ilikuwa zamu yangu ya maji. Nilikuwa nje kwenye tangi, ndoo imefika nusu, nilipoisikia filimbi upande wa barabara ya Biharamulo. Ikajibiwa na nyingine karibu, kisha nyingine nyuma ya soko. Watu walianza kukimbia. Muuza mishikaki alipita na nondo zake. Fundi baiskeli alipita na panga. Mtu mmoja alinipigia kelele, "Twende!" bila kusimama.

Nilisimama na ndoo. Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini, na jibu ambalo si zuri ni kwamba nilifikiri vizuri tu. Nilifikiri: tukitoka wote, chungu kitakauka na kadi itazima. Nilifikiri: nikitoka peke yangu, watauliza binamu yuko wapi. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na ule mkutano, na kicheko kile, na starehe fulani ya kutotoka.

Niliingia bandani. Feni ilikuwa ikinguruma. Yeye, aliyekaa ndani ya kelele ile tangu asubuhi, hakuwa amesikia lolote. Aliona uso wangu akauliza kwa mkono: kuna nini?

"Hakuna kitu!" nilimpigia kelele. "Walevi!"

Aligeukia kioo chake.

Kilichotokea nilikuja kukijua baadaye. Majambazi walikuwa wamelisimamisha basi kwenye pori kwa gogo, mchana kweupe. Dereva alijaribu kurudi nyuma, wakampiga risasi ya shingo. Pikapu iliwaleta njia panda yeye na majeruhi, amelala juu ya magunia ya abiria, na damu yake ilidondoka kwenye lami mbele ya watu waliokuwa wakimnunulia chai kila wiki. Kila uvamizi wa barabara ile ulikuwa na mtuhumiwa mmoja kabla ya uchunguzi wowote: Warundi. Kamanda aliwapanga wanaume, akahesabu. Akauliza nani hayupo.

Mlango wa banda haukugongwa. Ulitoka kwenye bawaba. Pigo la kwanza lilinipata sikioni, na jambo la ajabu ni kwamba sikulisikia, niliona tu ukuta ukihama. Walikuwa wengi kuliko banda. Midomo yao ilikuwa ikifunguka na kufungika. Feni ilimeza kila neno. Mtu mmoja, nadhani kwa sababu hiyo tu, kwa sababu matusi yake hayakusikika, alishika waya wa feni akaung'oa.

Ukimya ule uliumiza zaidi.

"Filimbi hamkuisikia?" kamanda aliuliza.

Mrundi hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama namba kwenye kona ya kioo. Sabini na nne. Themanini. Themanini na tatu.

"Feni!" alipiga kelele. "Rudisheni feni!" Na akaunyoosha mkono wa kulia chini ya meza kuutafuta waya.

Wao waliona mtu akipeleka mkono mahali wasipopaona. Rungu lilishuka kwenye kiwiko, kisha kwenye kiganja. Nilisikia mifupa. Ni sauti ndogo, kama bua la mtama.

"Mtambo huo!" mtu alisema. "Angalieni waya! Ni redio ya kuwaitia wenzao."

"Na chungu? Chungu cha nini? Wachawi hawa!"

Chungu kilipigwa panga, maji yakatufikia miguuni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, mtu amekalia shingo yangu. Kamanda alichuchumaa mbele yangu. Hakuwa na hasira usoni. Nilimwona hivyo hivyo siku alipokuja kuchukua video ya binti yake.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Binamu yangu. Wa Ntobeye."

Mtu alinipiga mgongoni kwa ubapa wa panga.

"Kitambulisho."

Changu kilikuwa mfukoni, wakakitoa. Chake hakikuwepo.

"Wewe umesoma," kamanda alisema, kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. "Hawa hawajasoma, wana damu machoni. Niambie kweli, nitawazuia. Nikigundua umenidanganya sitawazuia."

Nilimwamini. Hapana, si yeye niliyemwamini. Niliamini kwamba kweli ikisemwa kwa ukamilifu, kwa mpangilio, itaeleweka.

"Ni Mrundi," nilisema. "Ni mkimbizi, anatengeneza filamu ya kunawa mikono, shirika linataka—"

Hawakusikia zaidi ya neno la kwanza. Sijui kama kamanda alijaribu kuwazuia. Sikumwona tena. Nilimwona Mrundi akiburutwa kwa ukosi wa shati hadi uani, na duara likijifunga juu yake, na mikono ikipanda na kushuka kama ya watu wanaotwanga. Mtu niliyemfahamu, aliyeniuzia vocha asubuhi ile, alikuwa akizunguka nje ya duara akitafuta upenyo, na alipoukosa alilia kwa hasira kama mtoto aliyenyimwa. Walimpiga mpaka akaacha kujikinga. Alikuwa akitoa pumzi tu, kila pigo na pumzi yake.

Aliyelivunja duara ni mzee mwenye duka. Alitoka na kanzu yake nyeupe, hakusukuma, hakuomba. Alipita chini ya mikono yao, kofia ikaanguka, akajilaza kifudifudi juu ya Mrundi, kama mtu anayejilaza kitandani.

"Nipigeni mimi basi!" alipiga kelele. "Nimezaliwa wilaya hii kabla ya nyie wote! Nipigeni!"

Rungu moja lilikuwa limeshaanza kushuka, likamgonga begani. Aliyelishika aliliangusha kama limemuunguza. Wakasimama pale wakihema, wakitazamana, mpaka polisi walipofika na gari. Mrundi walimpakia nyuma. Asubuhi yake alikuwa kwenye basi la kusini, pamoja na waliovuka wiki ile.

Waliovamia basi lile walikuja kukamatwa baadaye. Sitasema walikuwa watu wa wapi. Swali hilo ndilo lililomvunja mkono.

Mzee hakunifukuza. Alikaa kwenye kiti changu, bega limemvimba, akatazama banda.

"Nilijua si binamu yako," alisema. "Ungeniambia, ningemfundisha la kusema. Wewe unajua kuuliza tu." Kisha akaonyesha kompyuta kwa kidevu. "Kile kitu kimekufa?"

Hakikuwa kimekufa. Kadi ilikuwa imejizima kabla maji hayajaifikia. Niliikausha, nikaing'oa shaba, nikairudishia feni zake ndogo za kiwandani, nikaiacha ichore kwa kasi yake yenyewe bila kuigusa. Kufika Ijumaa saa tatu asubuhi ilimaliza fremu zote mia moja na nne. Hakuna hata moja iliyokuwa na nukta.

Nilifika ofisi ya kambini saa kumi kasoro, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Afisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Aliitazama filamu mara mbili, ya pili akitabasamu.

"Aliyeifanya yuko wapi?"

"Yumo humu kambini. Ameletwa leo. Yupo zahanati, nadhani."

Alielewa. Hakuniuliza uso wangu una nini. Alisema filamu inafaa na maombi ya kibali yatapelekwa, lakini mwenyewe lazima asaini fomu, na pasiwe na taarifa yoyote ya fujo dhidi yake. "Mkimbizi akigombana, hata ngumi moja, fomu inachanwa. Mwambie atulie."

Sikumwambia siku ile. Hawakuniruhusu kumwona. Nilirudi Ijumaa iliyofuata, siku ya nane tangu kipigo, fomu ikiwa tayari. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, mkono wa kulia ndani ya plasta mpaka begani, meno mawili hayapo. Nilikaa kando yake, nikamwekea fomu mapajani na kumpa onyo la yule afisa. Mlinzi alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, akisikiliza redio ya simu.

"Mama mmoja humu ameniambia habari ya sungusungu," alisema. Aliongea polepole, kwa sababu ya mdomo. "Kwamba wanapuliza filimbi kwanza. Kwamba mtu akitoka, hawamfuati."

"Ndiyo."

"Siku ile walipuliza?"

"Walipuliza."

"Wewe ulikuwa nje. Kwenye maji." Alinigeukia. "Ulisikia?"

Ningeweza kumwambia kwamba hata tungetoka, wangemwuliza yeye ni nani. Ni kweli, na nilikuwa nimeiandaa njiani, hatua kwa hatua.

"Nilisikia," nilisema.

Alinipiga kwa mkono wa kushoto. Hakuwa mtu wa kushoto, lakini aliutupa mwili wote nyuma yake, na mdomo wangu ukapasuka kwenye meno. Nilianguka nyuma ya benchi. Fomu iliangukia mavumbini. Alipotaka kusimama aje tena, mlinzi alikuwa ameshafika, kirungu mkononi.

"Amekupiga huyu?"

Mrundi alirudi kwenye benchi. Aliitazama fomu chini. Nilimwona akiitazama, na nilimwona akijua.

"Hajanipiga," nilisema. "Nimeteleza."

"Umeteleza umekaa?"

"Ndiyo, afande."

"Na damu hiyo?"

"Nimegonga benchi."

"Kwa nyuma ukapasuka mbele?" Mlinzi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Wewe kijana una akili kweli?"

"Nina digrii, afande."

Alicheka mpaka akakohoa. Akarudi kwenye redio yake, akigeuka mara mbili kututazama.

Niliiokota fomu, nikaifuta kwa shati, nikampa kalamu. Aliishika kwa mkono ule ule wa kushoto, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizolala ovyo, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ilimchukua muda mrefu.

"Umejifunza kusema uongo," alisema bila kuinua kichwa. "Umechelewa siku nane."

Kibali kilitoka mwezi uliofuata. Kilimruhusu kufanya kazi Ngara mjini. Ili afike huko basi lake lilipita Nyakanazi na kusimama njia panda kama mabasi yote, abiria wakashuka kununua maji. Mzee alikuwa dukani. Ndiye aliyemwona dirishani na kumpungia mkono, naye akaupunga wake bila kushuka. Mimi nilikuwa bandani, hatua hamsini tu. Mzee alikuja kuniambia baada ya basi kuondoka.